Mtalii Darajani: Jicho la Mgeni katika Mitaa ya Mumbai

Wahenga walinena: tembea uone. Hawakutaja aonacho msafiri, wala hawakutaja anapaswa kuona akiwa amesimama wapi. Pengine hawakuhisi haja ya kufanya hivyo, kwa kuwa msafiri wa zama zao alisafiri kwa shughuli: alikwenda kuuza, kununua, kusoma, kuoa au kuzika, na shughuli hiyo ndiyo iliyomwonyesha pa kusimama. Mtalii ni kiumbe wa namna nyingine. Shughuli yake ni kutazama kwenyewe. Ameiacha kazi yake nyumbani ili aende akawaone watu wengine wakifanya kazi zao, na aghalabu haoni ajabu yoyote katika jambo hilo mpaka afike katika mji ambao hauna nafasi ya mtu asiye na la kufanya.

Mumbai ni mji wa namna hiyo. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu humo watu takriban milioni 12.4, bila ya kuvitia viunga vyake vingi, nao wote wamebanana juu ya rasi nyembamba ambayo sehemu yake kubwa ni bahari iliyofukiwa. Hapo kale palikuwa na visiwa saba vya wavuvi. Wareno walivishika, kisha mwaka 1661 vikaingizwa katika mkataba wa ndoa ya Catherine wa Braganza na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, kana kwamba ni vyombo vya bibi harusi. Mwaka 1668 mfalme huyo akaikodisha mahari yake kwa Kampuni ya Mashariki ya India kwa pauni 10 kwa mwaka. Karne zilizofuata zilikuwa za kumwaga mawe na udongo baharini hadi visiwa vikashikamana. Jina nalo limepata kubadilika: Bombay ilifanywa rasmi kuwa Mumbai mwaka 1995, kwa heshima ya Mumbadevi, mungu wa kike wa wakazi wa asili. Wenyeji wengi huyatumia majina yote mawili katika mazungumzo yaleyale bila ya kuona dosari.

Mtalii kwa kawaida huanzia Colaba, kwenye ncha ya kusini ya rasi. Ndiko liliko Lango la India, tao la mawe lililobuniwa na George Wittet kuwa ukumbusho wa ziara ya Mfalme George wa Tano ya mwaka 1911, na ambalo lilikamilika mwaka 1924. Miaka ishirini na minne baadaye, tarehe 28 Februari 1948, kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kilipita chini ya tao hilohilo kikienda kupanda meli ya kurejea kwao. Mkabala wake ni hoteli ya Taj Mahal Palace, iliyofunguliwa mwaka 1903 na ambayo ulimwengu mzima uliiona ikiwaka moto katika mashambulizi ya Novemba 2008. Mwendo mfupi kutoka hapo kipo kituo kikuu cha reli, kazi ya F. W. Stevens ya karne ya kumi na tisa, chenye kuba, minara na sanamu za wanyama utadhani ni kanisa la abiria. Kiliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004.

Majengo haya hayadhuriki kwa kutazamwa. Yalijengwa ili yatazamwe. Mtu asimamaye mbele ya lango lile akapiga picha anatimiza walichokusudia waliolijenga. Ndiyo maana hapana haja ya kukaa sana Colaba. Mashaka ya mtalii huanza pale anapokata tikiti na kupanda gari kuelekea kaskazini.

Neno gari limekusudiwa. Wakazi wa Mumbai nao huiita treni yao hivyo, na mwanafunzi wa Kiswahili asimamaye kwenye jukwaa la Churchgate hulisikia likitamkwa kwa namna ambayo haimtaki aweke juhudi yoyote ili alielewe. Ni moja katika maneno mengi yaliyovuka bahari kwa majahazi pamoja na vitambaa na mchele: pesa, laki, bima, hundi, chapati, rangi. Baadhi yake yalizaliwa India na mengine yalitokea Uajemi na Uarabuni yakapumzika India kabla ya kuendelea na safari. Darasani maneno haya hufundishwa kama orodha chini ya mada ya ukopaji. Njiani hapa si orodha tena. Ni watu wanaoulizana nauli.

Mgeni aliyezoea matatu za Nairobi hudhani kwamba hana la kufunzwa kuhusu msongamano. Hufunzwa. Magari haya ya mji, ambayo kabla ya janga la korona yalichukua zaidi ya abiria milioni saba kwa siku, hayasubiri. Mlango hauna kizuizi. Vituo kadhaa kabla ya kushuka, abiria humgusa bega aliye mbele yake na kumuuliza kama naye anateremka, na kama sivyo basi hubadilishana nafasi, hivi kwamba gari linaposimama wa kushuka wote wamekwisha kujipanga. Asiyeulizwa na asiyeuliza hushushwa na umati kituo asichokitaka, au huzuiwa asishuke kabisa. Hakuna amtazamaye mgeni wala amwoneaye haya. Ndani ya behewa lile mtalii hupata heshima ambayo hataipata kwingineko mjini, nayo ni heshima ya kuwa kizuizi kama watu wengine.

Katika vituo hivyo pia ndimo wapitamo wachukuzi wa vyakula waitwao dabbawala, wenye kofia nyeupe na mashubaka marefu ya mbao kichwani, yaliyopangwa mikebe ya chakula kilichopikwa majumbani ili kiwafikie wenyewe maofisini kabla ya saa saba. Kazi hii ilianza yapata mwaka 1890. Kila mkebe una alama za rangi, herufi na tarakimu ambazo mchukuzi huzisoma hata kama hakukaa sana shuleni. Mwanamfalme Charles wa Uingereza alikutana nao mwaka 2003, na husimuliwa kwamba ratiba yake ndiyo iliyopinda kuifuata ratiba ya chakula, si kinyume chake. Tangu mwaka 2020, maofisi yalipofungwa na baadhi ya wafanyakazi kuzoea kufanyia kazi nyumbani, idadi ya wachukuzi hawa imepungua sana. Mtalii akisimama katikati ya njia yao ili awapige picha hupigiwa ukelele ajitoe. Ni ukelele wa haki.

Vituo vichache kaskazini mwa Churchgate kipo Mahalaxmi, na nje ya kituo hicho lipo daraja la barabara lipitalo juu ya reli. Ukutani mwa daraja hilo, saa yoyote ya mchana, huegemea watalii. Chini yao kuna uwanja mpana wa kufulia nguo ulioanzishwa mwaka 1890, wenye mamia ya vibirika vya zege vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja na jiwe lake la kupigia nguo. Wanaume wamesimama ndani ya maji hadi magotini. Mashuka ya hospitali na hoteli, sare za shule, suruali mpya za viwandani zinazosubiri kufifishwa rangi, zote hupigwa, hukamuliwa na kuanikwa kwenye kamba zilizosokotwa mara mbili ili nguo ishikwe bila ya kibanio. Kila nguo ina alama yake, na huwa nadra ikapotea. Siku hizi kuna mashine kubwa za kufulia na za kukaushia kando ya vibirika, jambo ambalo baadhi ya watalii hulisikitikia, maana huiharibu picha. Mwenye mgongo wa kuinamia jiwe kutwa nzima hajulikani kuisikitikia mashine.

Mahali hapa huitwa Dhobi Ghat, na hapa ndipo mtalii wa Kiswahili anapofikwa na jambo ambalo mwenziwe wa Ulaya amesalimika nalo. Analijua jina la mtu yule wa chini. Dobi si istilahi ya kitabu cha safari. Ni neno alilokua nalo. Dobi ni mtu aliyepelekewa suti ya baba kabla ya harusi. Katika mitaa ya Nairobi kazi hiyo imegawanyika: nguo za kupigwa pasi huenda kwa dobi, na nguo za nyumbani hufuliwa na mama fua, ambaye hukaa kando ya njia tangu alfajiri, beseni karibu naye au mikono mitupu, akingoja kuitwa kwa ujira utakaokubaliwa papo hapo. Hapana daraja lililojengwa juu ya mama fua. Lau mtu angesimama ghorofani akamwelekezea kamera kwa robo saa, angeulizwa anatafuta nini, na angeulizwa kwa sauti ya juu.

Je, dobi wa Mahalaxmi hakuwa na swali hilo? Pengine alikuwa nalo miaka mingi iliyopita likamchosha. Daraja ni la umma, na mtazamaji yu juu mno kuweza kuulizwa. Hili ndilo jambo la kuzingatiwa kuhusu utalii wa mitaa: si kila utazamaji una dhara sawa, na tofauti haimo katika moyo wa mtalii, kwa kuwa karibu watalii wote wana nia njema. Tofauti imo katika mahali aliposimama. Juu ya daraja, kazi ya mtu hugeuka kuwa mandhari; jasho halinuki, maji ya sabuni hayamrukii mtu, na hakuna anayeweza kumwambia mtazamaji aondoke njiani. Akiteremka ngazi na kuingia, mambo hubadilika. Mlangoni mara nyingi kuna vijana wadaio ada ndogo, na watalii wengi hulalamika kwamba wametozwa pesa za kutazama kitu ambacho juu kinatazamwa bure. Malalamiko hayo hayana uzito. Kilicho cha bure juu ni cha bure kwa sababu mwenyewe hakuulizwa.

Chini, njia kati ya vibirika ni nyembamba na ina utelezi. Mgeni hupishana na mtu aliyebeba furushi kubwa kuliko mwili wake, na ni mgeni anayelazimika kurudi nyuma. Huona pia kile ambacho daraja lilimficha, kwamba hapa ni nyumbani kwa watu: kuna jiko linalochemka, kuna mtoto anayefanya hesabu za shule, kuna runinga. Na mtu akiuliza neno dobi lina maana gani kwa Kiswahili, akajibiwa kwamba ni hilohilo, huwa kuna kicheko kifupi kabla ya kila mmoja kurejea katika lake.

Msomaji asidhani kwamba madaraja ya Mumbai ni ya watalii peke yao. Vituo viwili tu mbele ya Mahalaxmi, kwenye kituo ambacho wakati huo kiliitwa Elphinstone Road, tarehe 29 Septemba 2017 mvua ilinyesha asubuhi wakati wa kwenda kazini, watu wakajibanza kwenye ngazi za daraja jembamba la waenda kwa miguu, umati ukakanyagana na zaidi ya watu 20 wakafa. Daraja lile lilikuwa limejengwa kwa ajili ya eneo la viwanda vya pamba, na viwanda hivyo havikuwapo tena. Mahali pake palikuwa pamesimama maofisi ya vioo yenye wafanyakazi wengi kuliko ngazi ziwezavyo kuwapitisha.

Eneo lenyewe, kuanzia Lower Parel hadi Lalbaug, huitwa Girangaon, yaani kijiji cha viwanda. Kiwanda cha kwanza cha pamba mjini kiliasisiwa mwaka 1854, na biashara ikavimba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, pamba ya huko ilipozuiwa kufika Uingereza. Januari 1982 wafanyakazi wapatao robo milioni waligoma wakiongozwa na Datta Samant. Mgomo ule haukupata kutangazwa rasmi kwamba umekwisha. Ulififia tu, na viwanda vingi havikufunguliwa tena. Leo mtalii hupelekwa kwenye duka kuu la kifahari ambalo bomba la moshi la kiwanda cha Phoenix limeachwa limesimama kama pambo, naye hunywa kahawa kivulini mwake. Miongoni mwa wanaomhudumia hukosi wajukuu wa wafumaji. Haya ni matembezi ya kupita haraka, si kwa sababu hayana maana, bali kwa sababu aliyekuwa wa kutazamwa ameondolewa zamani.

Na kwa kuwa njia imefika Parel, yafaa itajwe kwamba Wakenya wengi waijuao Mumbai hawakuijua kwa utalii. Waliijua wakimsindikiza mgonjwa. Karibu na hospitali kubwa ya saratani ya mtaani humo, jamaa za wagonjwa waliotoka pembe zote za India hulala kando ya barabara wakingoja zamu ya tiba. Mkenya apitaye hapo akiwa na bahasha ya picha za eksirei ya mama yake haoni mandhari. Anauliza nauli, anauliza chumba cha bei nafuu ki wapi, na siku ya tatu anajua mitaa mitatu vizuri kuliko mtalii ajuavyo ishirini.

Ukirejea kusini kwa njia ya reli ya kati, unafika katika mji mkongwe wa wafanyabiashara: Bhendi Bazaar, Dongri, Barabara ya Mohammed Ali. Mtu wa Mombasa huhisi kwamba amekwisha kufika hapa kabla. Mabohora waliovaa kofia nyeupe zenye uzi wa dhahabu, na wake zao kwa vazi la rangi zilizopauka na nakshi pembeni, wana ndugu Mombasa, Nairobi na Zanzibar. Maduka yana umbo lile la duka la pwani, mwenyewe ameketi mbele na bidhaa zimepandishwa hadi darini. Sehemu kubwa ya Bhendi Bazaar imo katika kubomolewa na kujengwa upya kwa minara ya ghorofa nyingi, na atakaye kuona roshani za mbao zilizosalia asikawie.

Hapa pana sababu ya kumtaja Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri kutoka Unguja pamoja na wanamuziki wake hadi Bombay, ili sauti yake ihifadhiwe kwenye santuri. Shaaban Robert ameyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho wengi wa wasomaji wa jarida hili walikutana nacho kabla ya kukutana na sauti yenyewe. Siti hakwenda Bombay kutazama mitaa. Alikwenda kazini. Binti wa kijijini Fumba, aliyeanza kwa kuuza vyungu, alivuka bahari ili aimbe Kiswahili katika mji uliojaa lugha, na mji ukasimama kumsikiliza yeye kwa muda wa rekodi.

Kabla yake walifika wengine, nao hawakuchagua. Sidi Mubarak, Myao aliyetekwa utotoni, aliuzwa akapelekwa India, na aliporejea Afrika baada ya kifo cha bwana wake alikuwa amekwisha kupewa jina la mji: Mubarak Bombay. Ndiye aliyewaongoza Burton na Speke kuelekea maziwa makuu kuanzia mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Aidha, watoto wa Kiafrika waliookolewa katika majahazi ya watumwa walilelewa karibu na Nashik, bara ya Bombay, na baadhi yao wakaletwa Mombasa katika miaka ya 1870 kuanzisha Freretown. Jina hilo lilitokana na Bartle Frere, aliyepata kuwa gavana wa Bombay. Wakazi wa Kisauni hulitaja kila siku makondakta wa matatu wanapoita abiria. Kwa hawa wote Bombay haikuwa mandhari hata kwa siku moja. Mkenya ajaye leo na kamera shingoni ni wa kizazi cha kwanza kuufikia mji huu kwa wingi bila ya kulazimishwa na bila ya kutumwa, na hilo si jambo dogo. Ni neema, na kama neema nyingine yataka adabu.

Adabu hiyo hujaribiwa zaidi Dharavi. Mtaa huu uko kati ya reli mbili, kwenye eneo la kilomita za mraba mbili na ushei, na makadirio ya wakazi wake hutofautiana kati ya laki saba na milioni moja. Tangu katikati ya miaka ya 2000 kumekuwa na makampuni yanayowatembeza watalii kwa miguu ndani yake, na filamu ya Slumdog Millionaire ya mwaka 2008 iliwaongeza. Mkenya hahitaji kuelezwa biashara hii. Kibera nayo iliingizwa katika filamu, The Constant Gardener ya mwaka 2005, na wageni wakafuata na chupa zao za maji na kofia zao pana. Hakuna Mnairobi asiye na maoni kuhusu jambo hilo, na aghalabu maoni yenyewe ni ya hasira. Basi inakuwaje mtu aliyekasirishwa na msafara wa wageni Kibera akalipa rupia ili awe katika msafara Dharavi?

Wapo wajibuo kwamba Dharavi ni tofauti, kwamba huonyeshwa kazi wala si dhiki. Jibu hili lina ukweli ndani yake. Matembezi yaliyo bora huongozwa na vijana wa mtaani humo, picha hupigwa marufuku, na sehemu kubwa ya faida husemekana kurudi katika shule na mafunzo. Mgeni huona plastiki kuukuu ikichambuliwa kwa rangi, ikasagwa, ikaoshwa na kuanikwa juu ya paa. Madebe ya mafuta yakinyooshwa kwa nyundo ili yauzwe upya. Ngozi ikikatwa mikoba. Wanawake wakikausha vijichapati vyembamba vya dengu kwenye vikapu vilivyopinduliwa. Kiongozi akitaja neno karkhana, Wazungu katika kikundi hungoja tafsiri. Mkenya hangoji. Karakana ni karakana. Naye hutanabahi jambo ambalo huenda hakulifikiri nyumbani: kwamba Kiswahili cha Kenya huiita Kibera mtaa wa mabanda, jina linalotaja paa na kuta za watu lakini halitaji mikono yao. Neno karakana lilikuwapo katika lugha hiyohiyo, halikupata kutumika.

Ila jibu hilo halimalizi swali. Ukitoka katika eneo la karakana na kuingia katika vichochoro vya makazi, njia huwa nyembamba kiasi cha kumlazimu mtu apite ubavu. Milango iko wazi kwa sababu ya joto. Kila mlango ni chumba, na ndani ya chumba mtu amelala baada ya zamu ya usiku, au anamvisha mtoto. Watu kumi na wawili wanapita mmoja mmoja wakichungulia. Hawakusudii kuchungulia, uchochoro hauwapi pengine pa kuelekeza macho. Marufuku ya kamera haiwezi kuyafumba macho. Hapa hata aliyeteremka kutoka darajani amerudi darajani, ijapokuwa nyayo zake ziko matopeni, kwa kuwa mwenye chumba hana njia ya kumtaka apite upande mwingine. Aonaye kwamba sehemu hii ya matembezi ingeachwa, na wageni waishie kwenye karakana na maduka, hajakosea.

Maduka hayo yapo, na ndiko utalii wa Dharavi unakopaswa kuelekea. Mkoba wa ngozi hununuliwa kwa aliyeushona, kwa bei inayobishaniwa. Anayebishana bei hatazamwi kama sanamu wala hatazami kama mfalme. Huulizwa anatoka wapi, na akijibu Kenya, mara nyingi huulizwa habari za wakimbiaji wa riadha au za simba. Maswali ya kijinga kidogo, kama ya kwake mwenyewe.

Sehemu nyingine ya mtaa ni Kumbharwada, makao ya wafinyanzi ambao wazee wao walihamia kutoka Saurashtra, Gujarat, vizazi kadhaa nyuma. Tanuri zao ziko wazi uani, katikati ya nyumba, na huchochewa kwa mabaki ya pamba ambayo moshi wake huwasha macho. Novemba 2022 kampuni ya Adani ilishinda zabuni ya kuijenga upya Dharavi yote. Kwa masharti yaliyotangazwa, mwenye nyumba ya chini anayeweza kuthibitisha kwa hati kwamba alikuwapo kabla ya tarehe 1 Januari 2000 atapewa bure nyumba ya futi za mraba 350 papo hapo mtaani. Aliyefika baadaye huenda akahamishiwa kwingine mjini na kuchangia gharama. Mkenya aliyesikia habari za wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, waliohamishiwa majumba ya Lang'ata mwaka 2009, anayajua maswali yafuatayo bila ya kutafsiriwa. Nani ana hati? Nani alikuwa mpangaji wa mpangaji? Karakana ya chini na chumba cha juu vikitenganishwa, nauli ya kwenda kazini italipwa na nani?

Kwa wafinyanzi lipo swali jingine. Tanuri huhitaji ardhi chini yake na anga juu yake, na huhitaji majirani wasiolalamikia moshi, ambao kwa kawaida ni wafinyanzi wenzao. Haliwezi kupandishwa ghorofa ya kumi na tano. Kwa sasa vyungu vibichi bado huanikwa uani kila asubuhi, vimepangwa karibukaribu hadi njia ikabaki upana wa mguu mmoja. Apitaye hapo hupita polepole, na akikigonga kimoja hukilipa.